Kidato cha Kwanza Kimefurika, cha Nne Kimepwaya: Watoto Wako Wapi?

SWALI: Mimi ni mjumbe wa bodi ya shule ya sekondari ya kata wilayani Kaliua, mkoani Tabora. Mwaka huu Kidato cha Kwanza kina mikondo mitano, na Kidato cha Nne kina miwili tu. Wajumbe wenzangu wanasema zaidi ya nusu ya watoto huacha shule njiani, ilhali mkuu wa shule anasema ni ongezeko la watu. Nani yuko sahihi?

JIBU: Ndugu mjumbe, kila upande umeshika kipande cha ukweli, lakini hesabu mliyo nayo haiwezi kuwaamua, kwa kuwa inalinganisha watoto walioingia shuleni miaka tofauti. Hao wa Kidato cha Nne hawakuanza wakiwa mikondo mitano. Ombeni rejista ya udahili ya mwaka walioingia Kidato cha Kwanza, mhesabu walioripoti, si waliochaguliwa (wapo wasiofika kabisa, na hao wanastahili kutafutwa kivyao), kisha mfuatilie jina kwa jina hadi leo.

Kazi hiyo inachosha, lakini ndiyo pekee itakayowaonyesha nani amehamia shule nyingine, nani anakariri Kidato cha Pili baada ya upimaji wa kitaifa, na nani ameacha masomo kwa utoro, ujauzito au kazi ya tumbaku na mifugo. Aliyehama si mtoro, na anayekariri bado ni mwanafunzi wenu, ingawa sasa anahesabika pamoja na wadogo zake. Wasichana na wavulana wahesabiwe kando kando, maana kinachowatoa shuleni mara nyingi si kimoja. Msichana aliyeacha kwa sababu ya ujauzito msimfunge kwenye orodha ya waliopotea: tangu Novemba 2021 anaruhusiwa kurudi baada ya kujifungua, na bodi inapaswa kumfuata nyumbani kwao.

Mkuu wa shule naye ana hoja nzito. Kati ya sensa ya 2012 na ya 2022, Mkoa wa Tabora ulitoka watu 2,291,623 hadi 3,391,679, yaani karibu nusu zaidi, wakati jirani zetu wa Kigoma walitoka 2,127,930 hadi 2,470,967. Tofauti hiyo haiwezi kuelezwa kwa uzazi peke yake; familia za wakulima na wafugaji zinahamia huku kutafuta ardhi na malisho, na zinakuja na watoto. Ongezeni elimu bila ada: walioanza Darasa la Kwanza mwaka 2016, ilipoanza kutekelezwa, walifikia umri wa Kidato cha Kwanza mwaka 2023.

Lililo zito zaidi kwangu bado liko mbele. Watoto walioingia Darasa la Tatu mwaka 2024 kwa mtaala mpya wanatarajiwa kumaliza elimu ya msingi wakiwa Darasa la Sita mwaka 2027, mwaka uleule ambao waliowatangulia watamaliza Darasa la Saba. Makundi mawili yatabisha hodi Kidato cha Kwanza Januari 2028 kwa pamoja. Kwa kiwango cha wanafunzi 40 kwa mkondo, nakusihi muulize shule za msingi za kata yenu idadi ya makundi hayo mawili sasa, kabla bajeti ya madarasa na madawati haijapita.