Tazama Mikono Kwanza: Kwa Wanaoanza Kusoma Ibada za Leo za Miungu wa Ugiriki

Kama umelelewa na Biblia ya Kiswahili, miungu wa Ugiriki ulishakutana nao kabla hujafika chuoni. Katika Matendo ya Mitume watu wa Listra wanamwita Barnaba Zeu na Paulo Herme, na kuhani wa Zeu analeta ng'ombe na mashada ya maua mpaka milangoni. Huko Efeso umati mzima unapiga kelele kwa ajili ya Artemi. Rudi uzisome sura hizo kabla ya kitabu chochote cha nadharia. Kuhani wa Listra hahubiri, wala hatangazi anachoamini. Ameona jambo kubwa limetokea, analeta kinachopaswa kuletwa.

Naanzia hapo kwa sababu wanafunzi wapya wanaokuja kwenye somo hili, hasa sisi tuliotoka Afrika Mashariki, huwa na swali moja la kumuuliza Mgiriki wa leo anayemwabudu Zeus, yule Zeu wa Listra: "Kweli unaamini yupo?" Swali hilo tumelitoa kanisani na msikitini, ambako mtu huingia dini kwa kukiri kwa kinywa. Huku mlango ni tendo. Ukiwauliza watu kumi utapata majibu kumi. Mmoja atasema miungu ni nafsi hai, mwingine atasema ni nguvu za ulimwengu, wa tatu atakushika mkono akupeleke kwa mwanafalsafa wa kale Plato mpaka usiku uingie. Kisha wote watasimama kwenye madhabahu moja na kumimina divai kwa namna ileile. Kwa hiyo daftari lako la kwanza lijaze habari za mikono: nani alishika nini, alikiweka wapi, nini kilitangulia na nini kilifuata. Ya moyoni watakueleza wenyewe wakikuzoea.

Ibada ya kawaida ya kikundi cha Athens au Thessaloniki huenda hivi. Watu hufika kwa maandamano, hata kama ni hatua chache tu za uani. Kijiti kinachowaka huzamishwa katika bakuli la maji, na kwa maji hayo kila mmoja hunawa mikono. Agizo ni la zamani sana: mshairi Hesiod alishaonya mtu asimmiminie Zeus divai alfajiri kwa mikono isiyonawa. Baada ya hapo shayiri hupitishwa, kila mtu akarusha punje chache madhabahuni. Hestia, mungu wa kike wa moto wa nyumbani, hupewa cha kwanza, na wengi humpa pia cha mwisho. Ndipo mungu wa siku hiyo huitwa kwa utenzi, mara nyingi mmoja wa zile zinazobeba jina la mshairi Homer au la Orpheus, mwimbaji wa hadithi za kale. Yanafuata maombi, sadaka na divai. Ng'ombe hutamwona. Wazee wao walichinja. Wa leo, karibu wote, huleta matunda, mkate, asali, maua na ubani.

Kwenye ubani simama kidogo. Tenzi za Orpheus ni 87, na nyingi zimeandikiwa juu yake kitu cha kufukiza: ubani kwa Hermes, manemane kwa Poseidon, utomvu wa mti wa storaksi kwa Zeus. Ubani haukui Ugiriki. Ulitoka Somalia na Dhofar, nchini Oman, kulekule unakotoka ule unaofukizwa Lamu na Unguja hadi leo. Mfanyabiashara mmoja wa karne ya kwanza, aliyeandika kwa Kigiriki mwongozo wa bandari za Bahari ya Hindi, anazitaja bandari za ubani za pembe ya Somalia, kisha anaendelea kusini kuambaa pwani yetu, aliyoiita Azania, mpaka Rhapta, bandari yake ya mwisho. Moshi wa mahekalu yao na safari za majahazi ya huku ni habari moja. Kwa hiyo usiandike tu "walifukiza manukato". Uliza ni nini kimewekwa kwenye chetezo, na kwa ajili ya nani. Nimeona tasnifu nzuri zikipoteza nusu ya maana kwa uvivu huo.

Sikiliza pia maombi yanavyojengwa. Mfano bora uko mwanzoni mwa Iliad, utenzi wa Homer wa vita vya Troy. Kuhani Chryses, aliyenyimwa binti yake, anamwita Apollo kwa majina na kwa miji anayoilinda. Anamkumbusha: ikiwa niliwahi kukuezekea hekalu, ikiwa niliwahi kukuchomea mapaja manono ya mafahali na mbuzi. Mwisho ndipo anataja anachotaka. Kumwita, kumkumbusha, kumwomba. Watu wa leo hufuata mpango huohuo hata wanapotunga maombi yao wenyewe, na ile sehemu ya kati ndiyo inayowashangaza wageni, maana wanaiona kama biashara. Siyo biashara. Ni uhusiano wa kupeana unaoendelea, ambao hakuna upande unaofunga hesabu. Anayeleta sadaka siku anapotaka kitu tu hutazamwa vibaya, hata na wenzake.

Sasa jambo ambalo ningependa kila mwanafunzi wangu alishike hata akisahau mengine: usiandike "Zeus" peke yake. Zeus yupi? Zeus Herkeios ni wa ua wa nyumba. Zeus Xenios hulinda wageni. Zeus Ktesios hulinda mali ya ghala, na hakuwa na sanamu ya fahari. Makao yake yalikuwa mtungi uliofungwa sufu nyeupe, ndani mna maji, mafuta na matunda ya kila aina. Mtungi huo umerudi katika nyumba za waabudu wa leo. Utauona rafuni jikoni, na wengi hubadilisha vilivyomo kila mwezi mpya. Mgeni ataupita akidhani ni achari.

Halafu yupo Zeus Meilichios, ambaye watu wa kale walimchonga kama nyoka mkubwa na kumweka upande wa miungu wa ardhini. Xenophon, mwanajeshi na mwandishi, alirudi kutoka vita vya Uajemi mwaka 399 KK akiwa hana kitu, hata farasi wake ameshamuuza. Mwaguzi Eukleides akamwambia kinachomzuia asifanikiwe ni Zeus Meilichios. Ajabu ni kwamba Xenophon alikuwa akimtolea Zeus sadaka safari nzima, ila kwa jina la Zeus Mfalme. Akachoma nguruwe wazima kwa ajili ya Meilichios, bila kula nyama, kama walivyokuwa wakifanya kwao. Siku hiyohiyo walifika watu wenye fedha za kulipa jeshi, na farasi wake akakombolewa na kurudishwa kwake. Amini usiamini, Xenophon mwenyewe ndiye aliyeandika, na hakuona kitu cha kuchekesha hapo. Jina la pili la mungu linaonyesha mlango gani umebishwa. Mwanafunzi asiyeliandika ataripoti kwamba watu fulani "walimwabudu Zeus" mara tatu kwa mwezi, na hatajua kuwa zilikuwa ibada tatu tofauti, zenye vyakula tofauti na madhabahu tofauti.

Hapo tunafika kwenye mgawanyo wa juu na chini, na hapa wale waliokulia bara, ambako wazee bado hutambika, wana faida na mtego pamoja. Faida ni kwamba kumiminia ardhi hakuwashangazi. Kwa miungu wa mbinguni, Mgiriki humimina kiasi kidogo kutoka kwenye bakuli pana, na kinachobaki hunywewa; viganja vikiinuliwa huelekea juu. Kwa wafu na miungu wa chini chombo humwagwa chote, mara nyingi maziwa, asali na maji badala ya divai, na hakuna anayeonja. Viganja huelekea ardhini. Mtego ni kuona ufanano ukaandika "tambiko" kwa kila kitu. Anayetambika huku kwetu kwa kawaida husema na wazee wa ukoo waliotangulia. Wagiriki hawa huiita dini yao ya mababu, lakini Zeus na Athena si mababu waliokufa. Mababu wana siku zao na kumimina kwao. Ukivichanganya, kazi yako yote imepinda tangu sura ya kwanza.

Kalenda haitakusumbua kama unajua kungoja mwandamo wa mwezi. Mwezi wa kale wa Athens ulianza mwezi ulipoandama, siku ikianza jua linapozama, na waabudu wengi wanafuata hesabu hiyo leo. Usiku wa mwisho wa mwezi ni wa Hekate, mungu wa kike wa njia panda: nyumba husafishwa, chakula huwekwa njia panda au nje ya mlango. Siku ya kwanza, Noumenia, ni ya shukrani za nyumbani. Ya nne ni ya Hermes na Aphrodite, ya sita ya Artemis, ya saba ya Apollo, ya nane ya Poseidon. Usishangae vikundi viwili vikipishana siku moja, kimoja kikifuata kukokotoa na kingine macho. Anayejua mabishano ya Idi hahitaji maelezo zaidi.

Kuna mambo mawili yanayofanana na ibada hizi na siyo. Moto wa Olimpiki huwashwa Olympia mbele ya magofu ya hekalu la Hera, kwa kioo kinachokusanya miale ya jua, na mwanamke aliyevaa kama kuhani mkuu humwita Apollo. Huyo ni mwigizaji, na mbio za mwenge zilianzishwa kwa ajili ya michezo ya Berlin ya 1936. Ni sherehe ya serikali na michezo. Waabudu wenyewe wengine huitazama kwa uchungu, wengine kwa kicheko. La pili ni Wicca, dini mpya ya uchawi iliyotangazwa Uingereza na Gerald Gardner katika miaka ya 1950. Ukiona mtu anachora duara kwa kisu na kuita pande nne za dunia, uko katika njia hiyo, hata kama jina linaloitwa ni Hekate. Si kosa, ila ni dini nyingine yenye historia nyingine.

Upande wa sheria nenda haraka lakini usiuruke. Katiba ya Ugiriki inalitaja Kanisa la Orthodoksi kama dini kuu ya nchi, na inalinda uhuru wa ibada kwa kila dini "inayojulikana". Kwa miaka mingi waabudu wa miungu hawakuhesabiwa humo. Baraza lao kubwa, linalojulikana kwa kifupi kama YSEE, liliundwa 1997, na serikali ikaitambua dini hiyo mwaka 2017. Magofu ya kale, hata hivyo, yako chini ya Wizara ya Utamaduni. Januari 2007 kikundi kiitwacho Ellinais kilifanya ibada kwenye hekalu la Zeus katikati ya Athens licha ya katazo, na picha zake zikazunguka dunia. Wageni hupenda picha hizo, nguo nyeupe na nguzo ndefu. Mimi naona zinapotosha, kwa sababu sehemu kubwa ya dini hii iko sebuleni, uani na kwenye vichaka vya mlimani, kwa watu waliovaa suruali za kawaida. Sherehe ya Prometheia, inayofanyika kiangazi chini ya Mlima Olympus tangu miaka ya 1990, ni mahali pazuri pa kuanzia kwa asiye na mwenyeji.

Uliza watu wanajiitaje, uandike hivyo. Wengi wa Ugiriki hawapendi kuitwa waabudu wa miungu kumi na wawili, jina walilobandikwa na majirani. Na jiandae kwa swali la nani ana haki ya kuingia. Wako wanaosema dini hii ni ya taifa la Wagiriki, na wako, kama Hellenion ya Marekani iliyoanzishwa 2001, wanaompokea mtu yeyote anayetaka kuabudu. Ukiwa Mwafrika katika chumba cha kundi la kwanza utatazamwa mara mbili. Salimia kwa Kigiriki, kaa, na usiwahi kubishana siku ya kwanza.

Masikio nayo yafunze. Vyuoni wengi husoma Kigiriki cha kale kwa matamshi yanayoitwa ya Erasmus, yaliyobuniwa na wanazuoni wa Ulaya, lakini Wagiriki hukisoma kwa matamshi yao ya leo. Zeus utamsikia Zefs, Hera ni Ira, Hermes ni Ermis, Hestia ni Estia. Nakala ya tenzi iwe mkononi mwako, ama utakaa saa nzima ukingoja jina la Hera na limeshapita mara sita.

Mwisho ni suala ambalo Mkristo au Mwislamu hukutana nalo ghafla: bakuli la shayiri linafika mbele yako, au kikombe cha divai. Amua kabla ya kutoka nyumbani, umwambie mwenyeji mapema kwamba utasimama pembeni, au utanawa bila kurusha, au hutakunywa. Hawataudhika, wana jamaa Waorthodoksi wanaofanya hivyohivyo kila sikukuu. Kinachowaudhi ni mgeni anayepokea shayiri kwa kamera upande mmoja, halafu anaitia mfukoni kama kumbukumbu.