Kabla hujafungua jenomu, kaa na sista wa rejista

Kila baada ya wiki chache kuna kijana ananiandikia: "Shikamoo kaka, nimemaliza chuo, nataka kuingia kwenye bayoinfomatiki ya magonjwa ya ubongo. Nianze na kozi ipi?" Bayoinfomatiki ni kuchambua kwa kompyuta data za vinasaba na za magonjwa. Wengi wako hapa hapa Mwanza, wengine Geita, Bukoba na Musoma. Wote nawajibu jambo moja, na baadhi yao hudhani nawakwepa: tafuta kliniki ya kifafa iliyo karibu nawe, omba ruhusa kwa utaratibu, ukakae siku nzima kando ya meza anayoandikia sista. Kozi zipo, nitazitaja. Ila kile kiti kando ya meza ndicho kilichonifundisha kazi hii, na mimi nilikikalia nikiwa nimeshachelewa.

Nilianza nikiwa na shahada ya maabara na R, lugha ya kompyuta ya takwimu, niliyojifundisha mwenyewe usiku. Kazi ya kwanza niliyopewa ilikuwa kuingiza kwenye kompyuta rejista za wagonjwa wa kifafa wa kituo kimoja cha afya, miaka kadhaa ya mwandiko wa mkono. Nilipomaliza nikachora mahudhurio ya kila mwezi. Mstari ulilala chini miezi mitatu, kisha ukapanda wima. Nikaangalia kalenda: mwezi wa sita. Masika yameisha, mbu wamejaa, na malaria ikipanda kichwani huacha baadhi ya watoto na kifafa. Hilo la mwisho ni kweli kabisa, na ndiyo maana maelezo yangu yalinipendeza. Nikaandika kurasa mbili.

Nikampelekea sista. Akavaa miwani, akaufuata ule mstari kwa kidole mpaka pale unapopanda, akasema, "Mwanangu, huo ndio mwezi fenobabitoni ilirudi."

Dawa ilikuwa imekosekana miezi mitatu. Mtu anatoka mbali, analipa nauli, anafika anaambiwa akanunue duka la dawa. Mwezi unaofuata haji. Dawa ilipofika, habari ikatembea kijiji kwa kijiji na wote wakaja ndani ya wiki chache. Hakuna mstari hata mmoja kwenye rejista uliosema "dawa hakuna", kwa sababu rejista haina safu ya kuandika hivyo. Kumbe nilikuwa nimechora safari za dawa, nikaziita ugonjwa.

Kama ningeipeleka ile karatasi wilayani, pengine mtu angepanga vyandarua pale palipohitaji vidonge.

Basi nikaomba kiti. Nikakaa pale siku tano za kliniki, na kila siku nilikuta kitu ambacho hakuna kozi iliyowahi kunionya. Chukua umri. Sista anauliza, "Kilianza akiwa na umri gani?" Mama anajibu, "Mitano." Sista anaandika 5. Yeye anajua ni miezi mitano, kwa sababu mtoto amemwona mgongoni mwa mama yake. Kompyuta yangu ilisoma miaka mitano.

Kwa ugonjwa mwingine tofauti hiyo ingekuwa uzembe mdogo. Kwa kifafa inabadilisha utambuzi. Kuna kifafa kikali kinaitwa ugonjwa wa Dravet, ambacho huanza mtoto akiwa hajatimiza mwaka, mara nyingi kwa degedege refu linalokuja na homa. Mwaka 2001 watafiti waligundua kwamba kinatokana na mabadiliko kwenye jeni iitwayo SCN1A, iliyoko kwenye kromosomu ya 2, inayobeba maelekezo ya kujenga mlango wa sodiamu kwenye seli za ubongo. Na hapa ndipo roho inaniuma: karbamazepini, dawa inayowasaidia wagonjwa wengi wa kifafa, huweza kumzidishia degedege mtoto wa Dravet. Kwa hiyo ukichuja data yako kutafuta watoto wa kupimwa jeni hiyo, na umeweka kigezo cha "kabla ya mwaka mmoja", yule mtoto wa "5" anaanguka nje ya chujio. Atabaki anameza kinachomuumiza, na uchambuzi wako utaonekana safi.

Halafu kuna neno lenyewe. Degedege la homa na kifafa si ugonjwa mmoja. Kwenye orodha ya kimataifa ya magonjwa, toleo la kumi, degedege la homa ni R56.0 na kifafa ni G40. Lakini pale mezani saa nne asubuhi, benchi limejaa, mama kasema "degedege", mtoto mwingine "huanguka", wa tatu "anapotelewa na akili kidogo kisha anarudi". Wote wanaingia safu moja. Usiwalaumu wanaoandika. Wewe uliye na muda na kompyuta ndiye mwenye wajibu wa kurudi kuuliza: kulikuwa na homa? Ni mara ngapi? Aliyeona ni nani?

Majina nayo. Kanda yetu hii mtu mmoja ni Ng'wandu kwa bibi yake, Mwandu shuleni, na Ngwandu kwenye kadi ya kliniki. Nilikuwa na wagonjwa watatu, kumbe ni kijana mmoja mwenye kadi tatu. Zaidi ya hapo, kile kialama cha juu kwenye Ng'wandu kilinivurugia faili zima. Amri ya read.table kwenye R hukichukulia kama mwanzo wa nukuu, kwa hiyo inameza kila kitu kuanzia Ng'wandu wa kwanza hadi Ng'washi anayefuata na kuvigeuza kuwa kisanduku kimoja. Haikulalamika sana, ilinipa tu jedwali fupi kuliko rejista. Dawa yake ni kuiandikia quote="" ndani ya amri, lakini funzo lenyewe ni hili: hesabu mistari ya daftari kwa mkono, kisha hesabu mistari ya jedwali. Zisipolingana usiendelee na kitu kingine chochote siku hiyo. Na majina yanayofanana usiiachie programu iyaunganishe peke yake. Ikupe orodha ya wanaoshukiwa, wewe ukae na sista mpitie mmoja mmoja.

Wanaofanya kazi za jeni wana maumivu yao ya namna hii. Excel iligeuza majina ya jeni kama SEPT2 kuwa tarehe za mwezi wa tisa kwa miaka mingi, hadi mwaka 2020 kamati inayotoa majina ya jeni ikaamua kuyabadilisha majina hayo. Sasa inaitwa SEPTIN2. Kwa hiyo data yako iwe ya sista au ya mashine ya maabara, mchezo ni ule ule.

Sasa niseme la nyumbani.

Binamu yangu alikuwa na kifafa tangu utotoni. Alikuwa mvuvi wa dagaa. Kazi ya dagaa ni ya usiku, mwezi ukiwa haupo, taa zinaelea juu ya maji na watu wanangoja samaki wakusanyike. Usiku mmoja alianguka kutoka kwenye mtumbwi. Wenzake walisikia mlio wa maji tu. Tulimpata siku ya pili. Karatasi yake ya kifo imeandikwa kuzama, na ukiitia kwenye orodha ya magonjwa itaangukia kwenye ajali za kuzama. Neno kifafa halimo. Kwenye rejista ya kliniki yeye ni mtu aliyeacha kuhudhuria.

Kila nikichambua data ya kifafa ya ziwani namkumbuka. Walioungua motoni jikoni, waliozama, waliofichwa ndani kwa aibu, wote wanasomeka kama "hakurudi". Ukiwafuta ili jedwali lako liwe nadhifu, utagundua kwamba kifafa cha kwetu si cha hatari sana. Nakuomba usiwafute. Waandikie safu yao, na kama mradi wako una hata fedha kidogo, mtume mhudumu wa afya ngazi ya jamii akaulize nyumbani.

Shirika la Afya Duniani linakadiria watu milioni 50 hivi wana kifafa duniani, na karibu asilimia 80 yao wanaishi kwenye nchi za kipato cha chini na cha kati. Hadi asilimia 70 wangeweza kuishi bila kuanguka kama wangetambuliwa na kutibiwa ipasavyo, na karibu robo ya visa vyote vingeweza kuzuilika: mtoto aliyekosa hewa wakati wa kuzaliwa, homa ya uti wa mgongo, malaria kali, ajali za kichwa, tegu wa nguruwe. Nchini mwetu tuna mfano wa Mahenge, ambako Daktari Louise Jilek-Aall alianza kuwaona watoto wanaotikisa vichwa miaka ya 1960, na hadi leo watafiti wanaufuatilia uhusiano wa kifafa cha kule na minyoo ya usubi. Nayataja haya kwa sababu vijana wengi wanaoniandikia wanataka jenomu tu, yaani vinasaba vyote vya mtu. Kwa ukanda huu, kuunganisha rejista ya wodi ya wazazi na rejista ya kifafa kunaweza kuokoa watoto wengi kuliko mashine ya kusoma vinasaba. Sio kazi ya kujivunia kwenye mkutano, lakini ni kazi.

Jenomu ina nafasi yake, na hapo napo tuna deni. Kufikia mwaka 2018, katika tafiti kubwa za kulinganisha jenomu na magonjwa, karibu asilimia 78 ya washiriki walikuwa wa asili ya Ulaya na takribani asilimia 2 tu wa asili ya Afrika. Matokeo yake ni haya: ukipata badiliko kwenye jeni ya mtoto wa Magu, na hifadhidata za dunia zinakwambia ni adimu sana, huenda ni adimu kwao na kwetu ni la kawaida. Usikimbilie kuliita chanzo cha ugonjwa. Mwaka 2023 timu iliyowahusisha watafiti wa Nijeria ilitangaza badiliko kwenye jeni ya GBA1 linaloongeza hatari ya Parkinson, ugonjwa wa ubongo unaoleta kutetemeka, kwa watu wa asili ya Afrika, na ambalo kwa Wazungu halionekani karibu kabisa. Jeni hiyo ilikuwa imechunguzwa Ulaya na Marekani miaka mingi. Lile badiliko halikuwahi kuonekana kwa sababu wenye nalo hawakuwahi kupimwa.

Ukitaka kujizoeza bila kusubiri ruhusa wala sampuli, data ya Mradi wa Jenomu 1000 iko wazi. Ina watu 2,504 kutoka makundi 26, na Tanzania haimo. Walio karibu nasi zaidi ni Waluhya wa Webuye, Kenya, kundi linaloandikwa LWK. Usipakue jenomu nzima, itakumalizia bando na umeme utakatika katikati. Tumia programu ya tabix, kata kipande cha SCN1A peke yake, kisha linganisha mabadiliko ya LWK na ya kundi lolote la Ulaya. Utatumia jioni moja, na utaona kwa macho yako jinsi tunavyotofautiana. Kabla ya hapo jifunze kidogo Linux, mfumo wa kuendeshea kompyuta, na lugha moja ya programu, R au Python, uishike vizuri. Kozi ya utangulizi ya H3ABioNet, mtandao wa bayoinfomatiki wa Afrika ulioongozwa kutoka Chuo Kikuu cha Cape Town, ndiyo iliyotufungulia njia wengi wetu hapa Afrika. Tafuta mafunzo yake.

La mwisho ni la siri za watu, na hapa sina utani. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika Mei 2023, na taarifa za afya zimo miongoni mwa zile nyeti. Utafiti unahitaji kibali cha maadili. Lakini hata ukiwa na vibali vyote, usidhani kufuta jina kunatosha. Kwenye kisiwa kidogo kimojawapo cha wilaya ya Ukerewe, "msichana, miaka 19, kifafa" ni mtu mmoja, na kila mtu pale gatini anamjua. Akivunjiwa uchumba kwa sababu ya jedwali lako hutaurudisha. Weka kundi la umri badala ya umri, wilaya badala ya kijiji, na usitume faili kwenye kundi la WhatsApp hata kama bosi ndiye ameliomba.

Siku hizi majedwali yangu yana safu mbili nilizoziongeza: kipimo cha umri, yaani siku, miezi au miaka, na nyingine inayouliza kama dawa zilikuwepo siku hiyo. Hiyo ya pili sista huijaza kwa tiki, haimchukui hata sekunde mbili. Yeye ndiye aliyependekeza iwe mwanzo wa ukurasa, juu ya jina la mgonjwa wa kwanza.

Kwa anayetaka kuanza: barua unamwandikia mganga mfawidhi wa kituo, na kituo kikiwa cha serikali peleka nakala kwa mganga mkuu wa wilaya. Eleza kwamba unaomba kujifunza uandikishaji, na kwamba hutatoka na karatasi wala picha. Uliza siku ya kliniki ya kifafa, maana vituo vingi vina siku moja maalumu. Fika saa moja asubuhi, kabla benchi halijajaa, umsaidie sista kupanga kadi.