Kikombe cha shilingi 7,000: hesabu kutoka nyuma ya mashine

Mkuu, nimesoma swali lako na majibu ya wadau waliotangulia. Unafanya kazi mtaa wa Posta, Dar, kila siku ya kazi unachukua kapuchino ya 7,000 kabla ya kupanda ofisini, shemeji amepiga hesabu ya siku 22 akapata 154,000 kwa mwezi, na sasa nyumbani hapakaliki. Unataka kujua kama kinywaji hicho kina thamani ya hela hiyo. Wengi wamekwambia uende kijiweni ukanywe kahawa ya 200 uachane na anasa. Mimi nimesimama nyuma ya mashine ya espreso miaka minne kwenye mgahawa mmoja wa kahawa Masaki, na mama yangu ana mibuni kwenye kihamba chetu, shamba la familia, kule Kibosho, Kilimanjaro, mpaka leo. Kwa hiyo nitakujibu kwa niliyoyashika kwa mikono yangu.

Tuanze na kilichomo kikombeni. Kapuchino moja sisi tulitumia gramu 18 za kahawa iliyokaangwa. Kilo tulinunua 35,000 kwa mkaangaji, kwa hiyo hapo pana shilingi 630. Maziwa ni kama mililita 180. Lita ikiwa 3,000 yanakuja 540. Kikombe cha karatasi na mfuniko wake, sukari na kijiti cha kukorogea, weka 400. Jumla haifiki 1,600. Halafu ndani ya hiyo 7,000 mna VAT ya asilimia 18, ambayo ni 1,068, nayo si ya mwenye duka. Inabaki 4,300 na ushee.

Wengi wakifika kwenye namba hiyo wanapandisha sauti. Niliipandisha na mimi mwezi wa kwanza kazini, mpaka meneja alipoanza kunipa daftari la matumizi nimsaidie kujumlisha. Kodi ya pango wakati ule ilidaiwa kwa dola. Mashine ya vichwa viwili ilitoka Italia kwa bei ya gari dogo lililotumika, na inawashwa saa kumi na moja na nusu alfajiri ili saa moja mteja wa kwanza asikute maji ya uvuguvugu; haizimwi mpaka usiku, hata kama mchana mzima wamekuja watu kumi. Umeme ukikatika, jenereta linakunywa dizeli. Maji ya visima vya upande ule yana chumvi, na chumvi inakula boila, kwa hiyo vichujio vinabadilishwa kabla ya muda wake. Mishahara yetu. Vikombe vinavyovunjika. Maziwa yanayoharibika siku ya mvua ambapo hakuna anayetoka nyumbani. Daftari lile lilinifundisha kwamba mwenye duka hakuwa anatajirika kwa kapuchino, na kuna miezi aliyokopa ili atulipe.

Kwa hiyo swali la "wanatuibia?" mimi nalijibu hapana. Lakini swali lako wewe ni jingine: hiyo 4,300 inayokwenda kwenye kiti, kiyoyozi na mashine, wewe unaitumia?

Hapa ndipo nataka ujikague. Umesema unachukua, unaondoka. Unalipia meza usiyoikalia, intaneti usiyoifungua, choo usichoingia, na kiyoyozi kinachokupuliza dakika nne za foleni. Na kapuchino yenyewe unaifikisha ofisini povu limeshakaa, maziwa yamepoa, ladha ya karatasi imeingia. Maziwa tulikuwa tunayapandisha mpaka nyuzi 60 au 65 hivi, ndipo utamu wake unapotokeza. Ukizidisha yanaungua, yakipoa yanakuwa mazito mdomoni. Kinywaji kile kimetengenezwa kinywewe pale pale kwenye kikombe cha udongo. Katika wateja wangu wote, wa kubeba ndio waliokuwa wanapata kidogo kuliko waliyolipa, na ndio waliokuja kila siku. Iliniuma.

Mtu anayekaa ni habari nyingine. Tulikuwa na dada mmoja, fundi wa michoro ya nyumba, alikuja na kompyuta yake saa mbili, anaagiza amerikano moja (espreso iliyoongezwa maji ya moto), anaondoka saa sita. Kwa 5,000 alipata ofisi ya saa nne yenye umeme wa uhakika na mahali pa kukutana na wateja wake bila kuwapeleka sebuleni kwake. Ukimwambia huyo anachoma hela utakuwa humtendei haki.

Sasa nije kwenye kinywaji chenyewe, maana si vyote vilivyoandikwa ubaoni vina hadhi moja. Espreso, ile kahawa kidogo nzito ambayo ndiyo msingi wa kapuchino, inahitaji maji ya moto yasukumwe kwenye kahawa iliyosagwa kwa mgandamizo wa ba 9. Tairi la gari dogo linajazwa ba 2 na kidogo, upate picha. Nyumbani kwa sufuria hufiki huko. Tena inahitaji mtu. Kahawa ikitoka chini ya sekunde 20 inakuwa chachu na nyepesi, ikizidi 35 inakuwa chungu ya kukwaruza koo. Na Dar ilivyo, asubuhi ya masika hewa imejaa unyevu, mchana jua linakausha, basi kinu cha kusagia inabidi ukirekebishe tena na tena. Nilikuwa namwaga vikombe vitatu vinne kila alfajiri kabla sijapata kile ninachoweza kumpa mtu. Kwa hiyo espreso, au kapuchino ndogo iliyotengenezwa na mtu anayejua, nalipia bila kinyongo hata leo, ingawa nimeshaacha kazi ile. Ni kitu siwezi kukifanya jikoni kwangu.

Ila vile vya barafu vinavyosagwa kwenye blenda, vyenye shira ya karameli, krimu juu na chokoleti ya kumwagia, vya 11,000 na 12,000, hapana. Ndani yake kuna kahawa ile ile ya 630, na mara nyingine hata hiyo haikuwamo, tuliweka ya unga ya kopo kwa sababu barafu na sukari vinafunika kila kitu. Kinachokupandishia bei ni barafu, sukari na ukubwa wa glasi. Nenda duka la juisi upate embe halisi kwa 3,000. Hili nalisema kwa moyo wote kwa sababu vijana wengi waliokuja pale na mshahara wa kwanza waliagiza hicho, wakaondoka wakiamini wamekunywa kahawa.

Kuna jambo lililonifanya niache kazi, na linahusu thamani ya hela yako moja kwa moja. Kulikuwa na kipindi duka lilinunua shehena kubwa kwa punguzo, mifuko imekaangwa miezi mitano nyuma. Kahawa ikishakaangwa, wiki chache za mwanzo ndizo zake. Baada ya hapo harufu inatoka, mafuta yanaanza kuchacha, na joto la Dar linaharakisha. Tuliambiwa tuhamishie kwenye makopo ya kioo ya kaunta ili tarehe isionekane. Bei haikupungua hata shilingi. Niliuza ile kahawa wiki sita nikiwa natazama pembeni kila mteja anapoonja, na mwisho nikashindwa. Kwa hiyo kabla hujatoa 7,000 mahali, uliza imekaangwa lini. Barista, yaani mtengeneza kahawa, anayejali atakujibu tarehe kabla hujamaliza swali, tena atafurahi kuulizwa. Tazama pia kama anasaga pale pale unapoagiza au anachota unga uliokwisha kusagwa, na kama anafuta bomba la mvuke kila akimaliza maziwa. Bomba lenye utando wa maziwa makavu ni sababu tosha ya kugeuka na kuondoka.

Kuhusu kijiweni: wadau mnaitaja kahawa ya dele kana kwamba ni kapuchino ya maskini. Si sawa kabisa. Ni kinywaji kingine chenye adabu yake. Kahawa inachemka kwenye dele juu ya mkaa, tangawizi ndani, inamiminwa kikombe kidogo, chungu, na kashata pembeni ya kuilainisha. Wazee wawili wa Kariakoo ninaowafahamu wanachanganya kahawa aina ya robusta ya Bukoba kwa sababu inatoa uzito na inastahimili kuchemshwa. Arabika, aina inayolimwa kwetu mlimani, ukiichemsha hivyo unaipoteza. Naipenda, naifuata jioni, na baraza ya pale huipati Masaki kwa bei yoyote. Lakini anayetamani kapuchino saa mbili asubuhi ukimpeleka kwenye dele hujamtatulia shida yake.

Sasa nimzungumzie mama, maana kila tukibishana bei ya kikombe anasahaulika. Msimu mmoja nilipokuwa bado kazini aliuza kahawa ya maganda, yaani iliyomenywa na kukaushwa lakini bado ina ganda la ndani, kwenye chama cha msingi kwa 7,000 kilo. Bei ile ile ya kapuchino. Kupata kilo hiyo lazima achume kilo tano hivi za kahawa mbivu, moja moja, zilizoiva tu, azimenye siku hiyo hiyo, azichachue, azioshe, azianike mezani na kuzigeuza kwa zaidi ya wiki, akikimbia kufunika kila wingu likionekana. Kilo hiyo ya maganda ikikobolewa na kukaangwa inatoa vikombe kama 37 vya gramu zetu 18. Gawanya: kwa kila kikombe tulichouza 7,000, mama angepata shilingi 190 hivi, na humo atoe dawa ya chulebuni, ugonjwa wa mibuni, na vibarua wa kuchuma.

Hili lina maana kwako pia. Mwanzoni mwa 2025 arabika kwenye soko la New York ilivuka dola 4 kwa ratili, bei ambayo haikuwahi kuonekana, na migahawa mingi ikapandisha bei ikitaja soko la dunia. Fanya hesabu: kilo ya iliyokaangwa ikipanda kutoka 35,000 hadi 50,000, kikombe kinaongezeka 270. Ukiona kimeongezwa 2,000, ujue sababu haiko kwenye kahawa. Na kinyume chake ni kweli. Mwaka 2001 bei ya huko ilianguka chini ya senti 50 kwa ratili, majirani zetu Kibosho waking'oa mibuni na kupanda nyanya, mama akauza ng'ombe ili kaka amalize kidato cha nne. Sikumbuki kusikia kikombe cha mtu yeyote Ulaya kilishuka bei mwaka ule.

Nirudi kwenye 154,000 yako. Mimi ningefanya hivi. Jumatatu hadi Alhamisi kunywa ya nyumbani. Tafuta birika la moka, lile la Kiitaliano la alumini lenye sehemu mbili, linakaa kwenye jiko la gesi na linadumu miaka. Halitoi espreso ya kweli, ila linatoa kahawa nzito inayopokea maziwa vizuri. Nusu kilo ya kahawa nzuri ni kama 18,000. Kwa gramu 20 kila asubuhi ni vikombe 25, yaani 720 kimoja. Ijumaa toka mapema, kaa mgahawani nusu saa, agiza kwenye kikombe cha udongo, na Jumamosi mpeleke shemeji, maana nadhani kinachomkera zaidi ni kwamba unakunywa peke yako. Vikombe vitatu kwa wiki, yako ya Ijumaa na yenu wawili Jumamosi, ni 84,000 kwa wiki nne. Ukijumlisha na nusu kilo ni 102,000. Siku 20 za kazi za wiki hizo nne zingekula 140,000, kwa hiyo umeokoa 38,000 ukiacha maziwa ya nyumbani, na kila shilingi unayotumia unaionja.

Kahawa usinunue ya supermaketi iliyosagwa. Kama una ndugu Moshi, mwombe achukue kwa mkaangaji wa pale, punje nzima, tarehe ya wiki hiyo, aikabidhi kwenye basi la asubuhi. Jioni unaichukua stendi ya Magufuli pale Mbezi. Iweke kwenye kopo linalobana, kabatini, mbali na jiko. Friji hapana, inavuta harufu ya samaki. Saga ya kikombe kimoja kimoja, hata kwa kile kinu kidogo cha mkono. Ukikwama kwenye usagaji, niandikie hapa hapa na useme birika lako lina ukubwa gani, nitakuelekeza.