Mke Kaficha Rimoti

"Shangazi, shikamoo. Naishi Minneapolis, Marekani, na mke wangu na watoto wawili, wa miaka 4 na 7. Kila Oktoba huwa naangalia filamu moja ya kutisha kila siku hadi Halloween, ile sikukuu ya huku ya tarehe 31 ambayo watoto huvaa mavazi ya kutisha, filamu 31 kwa jumla. Sinywi, sitoki, ndiyo starehe yangu pekee. Naanza saa tatu usiku, watoto wamelala. Mke wangu analala mapema maana saa kumi alfajiri anaamka kwenda zamu nyumba ya wazee. Mwaka huu, tarehe 9, kaficha rimoti na amehamia chumba cha watoto. Anasema naleta mashetani nyumbani. Nimweleweshe vipi kwamba ni sinema tu? – Mpenda Sinema"

Marahaba mwanangu. Pole, mtu akitoka kazini anataka kupumzika. Pole yangu inaishia hapo.

Mama watoto simjui, lakini nimemwona kwenye mistari uliyoiruka. Kama watoto wamelala, yeye anafuata nini chumbani kwao? Mwanamke wa kuamka saa kumi haachi godoro lake akajikunje na mtoto wa miaka 4 bure. Kuna mtu anashtuka usiku analia, na huyo mtu hukumtaja. Hata hayo mashetani nayatilia shaka. Yananukia maneno ya mtoto, wewe ukamvisha mama yake aonekane mshamba.

Filamu hizi sauti yake ni mtego. Watu wananong'ona weee, unapandisha sauti usikie, halafu mlango unabamizwa na yowe linatoka kwa kiwango kile kile ulichopandisha. Nyumba nyingi za huko ni mbao na kuta nyembamba. Spika ya besi ikikaa sakafuni, mtikisiko unasafiri hadi miguu ya kitanda. Mtoto anasikia kilio bila kuona picha, picha anajichorea mwenyewe, na yake ni mbaya kuliko ya kwenye kioo. Wa miaka 4 ukimwambia "ni sinema tu" humsaidii, bado hajajua mpaka wa kweli na mchezo uko wapi.

Ndoa zenu za ughaibuni zina jambo moja. Huku mtoto akishtuka kuna bibi, kuna dada wa kazi, kuna mama mdogo chumba cha pili. Huko mko wawili tu, kila starehe ya mmoja mwenzake anailipia, na mara nyingi kwa usingizi. Mlipaji akinyamaza, mnasema nyumba ina amani. Akificha rimoti, mnamwandikia Shangazi. Mzigo wa mwenzio kanda la usufi.

Kwa hiyo rimoti usiidai. Kwanza ondoa hiyo spika sakafuni. Ingia menyu ya sauti ya televisheni, tafuta hali ya usiku: hiyo inashusha makelele na kunyanyua minong'ono. Dawa hasa ni hedifoni za bluetooth. Zima pia vionjo vya filamu vinavyojicheza vyenyewe ukifungua programu, maana mtoto akitafuta katuni asubuhi anapokewa na uso wenye damu. Watoto wapewe akaunti yao, yako ifungwe kwa namba ya siri. Nyingi ya hizo zina alama ya R, ambayo kwenye kumbi za huko aliye chini ya miaka 17 haingii bila mzazi au mlezi. Sebuleni kwako mlinda mlango ni nani?

Halafu hesabu. Filamu 31 za saa moja na nusu ni saa 46 na nusu: wiki nzima ya kazi na bado zinabaki. Tena si zote fupi. Night of the Living Dead ya 1968 inaisha kwa dakika 96, lakini The Shining ya 1980 inakula karibu saa mbili na nusu. Ukianza hiyo saa tatu siku ya kazi, unamaliza saa tano na nusu hivi, umesinzia nusu yake. Panga orodha Septemba: fupi siku za kazi, ndefu Jumamosi, na usibebanishe tatu za damu mfululizo, utazichoka wiki ya pili. Nosferatu ya 1922 ni filamu bubu. Izime sauti kabisa, hupotezi neno hata moja.

Moja muachie mama watoto achague, siku ambayo kesho yake hana zamu. Kama hana la kuchagua, mwekee Get Out ya 2017. Mwanzoni kuna wimbo wa Kiswahili, "Sikiliza Kwa Wahenga", alioutunga Michael Abels. Akicheka kusikia lugha ya kwao, usiiguse hiyo rimoti hata kama iko mapajani mwake.

Tarehe 31 jioni futa filamu. Watoto watatoka kuomba peremende, na Minneapolis mwisho wa Oktoba ni baridi: nunua mavazi yaliyozidi saizi moja ili koti liingie chini yake. Tochi unashika wewe. Mama watoto abaki nyumbani alale.