Chakula Kikikwama Kifuani, Omba Vinyama Vikapimwe

Mtu anayesindikiza kila tonge la nyama kwa maji, anayetafuna mpaka wenzake wananawa mikono, anayeogopa vidonge vikubwa, mara nyingi hudhani ndivyo alivyoumbwa. Kama ana pumu, ukurutu au mafua ya mzio, uvimbe wa umio (mrija wa chakula kutoka kooni hadi tumboni) unaoletwa na eosinofili ufikiriwe mapema. Eosinofili ni chembe nyeupe za damu zinazohusika na mzio; kwa kawaida hazikai kwenye umio. Zikijazana humo, ukuta huvimba, na miaka ikipita hujenga kovu na njia husinyaa. Mtoto mdogo hawezi kusema kinakwama: hutapika, hukataa kula, uzito haupandi.

Wengi hutibiwa kiungulia kwa miaka. Wakifika kwenye endoskopi, kipimo cha kamera ya kumezwa kwa mrija, kamera inapita, umio unaonekana sawa, wanarudishwa nyumbani bila kukatwa kinyama, yaani kipande kidogo cha ukuta wa umio cha kupimwa. Hapo ndipo ugonjwa hukosa kugunduliwa. Pengine kuna miduara, mifereji ya wima au madoa meupe kama ya fangasi, lakini pengine hakuna kitu, na jibu linatoka kwenye hadubini. Kabla ya kipimo omba waziwazi: vinyama visivyopungua 6, vya chini na vya juu ya umio, maana eosinofili hukaa kwa mafungu. Zikifika 15 au zaidi katika eneo moja la hadubini lililokuzwa sana, dalili zipo, na sababu nyingine zimeondolewa, ugonjwa umethibitika. Kama unameza omeprazoli, dawa ya kupunguza asidi tumboni, sema, kwa sababu huweza kuzipunguza. Kipimo cha damu hakitoshi. Huku kwetu minyoo na kichocho pia hupandisha eosinofili za damu.

Omeprazoli miligramu 20 hadi 40 mara mbili kwa siku, kwa wiki 8 hadi 12, huwatosha baadhi ya watu wazima. Wengine huhitaji steroidi, dawa ya kutuliza uvimbe, inayomezwa ili ipake ukuta wa umio. Budesonidi ya nebulaiza (steroidi ya maji ya mashine ya kuvuta mvuke), kwa mtu mzima miligramu 1 mara mbili kwa siku, huchanganywa na kijiko kimoja au viwili vya chai vya asali (mtoto chini ya mwaka mmoja asipewe asali). Ikiwa nyepesi kama maji huteremka moja kwa moja tumboni. Uzito wa asali ndio unaoifanya ishike ukutani. Usile wala kunywa kwa dakika 30, kisha sukutua uteme, maana fangasi hupenda kuota mdomoni na kwenye umio. Pampu ya flutikasoni, steroidi nyingine, hupulizwa mdomoni bila spesa (chupa ya kuvutia dawa), pumzi imezuiwa, ikamezwa. Ukiivuta, umetibu mapafu.

Kwa chakula, anza na maziwa peke yake. Utafiti wa Marekani uliochapishwa 2023 ulikuta kuondoa maziwa tu kulituliza uvimbe kwa asilimia 34 ya watu wazima, na kuondoa makundi sita ya vyakula kwa asilimia 40; tofauti hiyo haitoshi kumnyima mtu nusu ya jiko tangu siku ya kwanza. Maziwa ni pamoja na mtindi, siagi, samli, maziwa ya mbuzi na biskuti nyingi. Ukilazimika kuongeza vya kuacha, ni ngano, mayai, soya, karanga na korosho, samaki na kamba. Soma pakiti ya unga wa lishe: soya na karanga mara nyingi zimo. Kipimo cha mzio cha ngozi hakikuchagulii chakula cha kuacha.

Baada ya wiki 8 hadi 12 za kila badiliko, rudia kamera na vinyama. Nafuu hudanganya: aliyepanuliwa umio kwa kifaa hospitalini humeza vizuri huku uvimbe ukiendelea, na ukiacha dawa ugonjwa hurudi. Sindano ya dupilumabu, iliyoidhinishwa Marekani kwa ugonjwa huu mwaka 2022, ni ghali. Huachiwa zaidi wale ambao tiba nyingine hazikuwasaidia.

Nyama ikikwama hata mate hayapiti, nenda hospitali saa hiyohiyo. Usiisukume kwa ugali. Na wakati wa kuitoa, waombe wakate vinyama palepale, kwa sababu wengi wakishapona hawarudi tena.