Maswali ya Wasomaji: Koili kubwa haipatani na misumari

SWALI: Assalamu alaykum. Sisi vijana watatu wa Nungwi tuna diteka ya metali yenye koili (sahani ya waya inayopitishwa juu ya mchanga) ya inchi 11. Wageni wakipoteza pete pwani hutuita. Kwenye mchanga wa mbele ya mahoteli tunafanikiwa, lakini karibu na panapoundwa majahazi misumari inatumaliza: mashine inalia kila hatua, na tukiwasha kichujio cha chuma inanyamaza kabisa. Mwenzetu anataka tununue koili ya inchi 15 ifike chini zaidi. Tununue?

JIBU: Waalaykumu ssalamu. Msinunue. Shida yenu si kina, ni msongamano, na inchi 15 itauzidisha.

Diteka husikia kwa pamoja kila kilicho chini ya koili wakati ule. Inchi 15 ni sentimita 38. Pale penye maranda na misumari ya majahazi, eneo la upana huo halikosi misumari mitatu minne. Kichujio kikiwa kimewashwa, msumari mmoja unatosha kuizima sauti, na pete iliyo ubavuni mwake inazimwa pamoja nao. Kwa hiyo mashine ikinyamaza hapo msidhani mchanga ni mtupu. Huenda mmeshapita juu ya pete.

Tafuteni koili ndogo, inchi 5 au 6, ya aina ya DD. Ndani yake mna mizunguko miwili ya waya yenye umbo la herufi D, imepandana kidogo katikati. Inaposikia vizuri ni hapo ilipopandana: ukanda mwembamba kutoka mbele ya koili hadi kisiginoni, mithili ya ubapa wa kisu. Koili ya konsentriki, yaani duara ndani ya duara, husikia kwa umbo la koni ya askrimu, pana juu na nchani nyembamba. Hiyo ni nzuri kwa kuonyesha kitu kilipo hasa, lakini kitu cha juu juu hukisikia kwa upana, nanyi misumari yenu iko juu juu.

Ubapa wa DD nao una ila yake. Msumari na pete vikilala sambamba na urefu wa ubapa, vitasikika kama kitu kimoja. Jaribuni nyumbani: chukueni ubao usio na msumari, wekeni pete ya fedha katikati, msumari wa inchi 3 sentimita 5 kulia kwake na mwingine sentimita 5 kushoto. Pitisheni koili karibu na ubao kwa kufuata mstari wa msumari, pete, msumari. Ubapa utavikata kimoja kimoja, na sauti ya pete itachomoza katikati. Kisha zungukeni robo duara mpitishe kwa kuukata mstari ule: sasa ubapa unavilalia vyote vitatu na pete inapotea. Pwani hamjui misumari imelalaje, kwa hiyo kila sauti inayokatikakatika irudieni kutoka upande wa pili kabla ya kuiacha. Pungezeni koili (ipitisheni huku na huku) polepole, na kama mashine ina mpangilio wa kasi ya kujirudi baada ya sauti, ipandisheni. Kina kitapungua kidogo. Si hasara kubwa: koili ya inchi 6 huisikia pete hadi karibu sentimita 15, na pete iliyodondoka juzi kwenye mchanga mkavu kwa kawaida haijashuka zaidi ya hapo.

SWALI: Paje maji yakipwa yanaacha uwanja mrefu, hasa siku za bamvua. Huku hakuna misumari. Je, huku koili ya inchi 15 itafaa? Mashine yangu ni ya masafa mamoja, yaani hutuma mawimbi ya kasi moja tu ya mtetemo.

JIBU: Itafaa kwa kumaliza eneo, si sana kwa kina. Kila mpungezo ukisogea mbele nusu ya koili, mita 10 zinataka mipungezo 72 kwa inchi 11, lakini 53 tu kwa inchi 15. Maji hayakungoji, na tofauti hiyo utaiona. Kwenye kina, kwa kitu cha ukubwa wa pete, utaongeza sentimita chache tu, kwa sababu ishara hufifia kwa kasi ya ajabu: kitu kikishakuwa mbali kuliko ukubwa wa koili, umbali ukiongezeka maradufu ishara hupungua takriban mara 64.

Tena kuna chumvi. Mchanga wetu mweupe wa matumbawe ukikauka hauisumbui diteka, maana hauna chuma cha kutajika. Ukilowa maji ya bahari unapitisha umeme, na mashine ya masafa mamoja huidhania chumvi ni metali. Koili kubwa inakumbatia chumvi nyingi zaidi, utalazimika kuteremsha ukali wa kusikia, na zile sentimita ulizozinunua zinaondoka. Mashine ya masafa mengi kwa wakati mmoja hutulia zaidi hapo. Ya mpigo, inayotuma umeme kwa mapigo mafupi, nayo inavumilia chumvi, ila haichagui chuma; wale vijana wa Nungwi ingewachimbisha misumari kutwa nzima. Na kama kilichopotea ni mkufu mwembamba au kipini, rudi kwenye inchi 9 au 11, maana koili pana huvipita vitu vidogo bila kuvisikia.

Ukimaliza, vua kifuniko cha chini cha koili ukioshe kwa maji baridi. Mchanga uliolowa ukibaki ndani huleta sauti za uongo. Waya nao uufunge uubane kwenye mti wa mashine. Ukining'inia karibu na koili, utachimba pasipo na kitu.

SWALI: Niko Wete. Nimenunua koili ya chapa nyingine, plagi imeingia sawasawa, lakini mashine inalia mfululizo hata nikiinyanyua hewani. Nilitaka kupita nayo Mtambwe Mkuu.

JIBU: Plagi kuingia si dalili ya kuoana. Mizunguko ya koili hupangwa kwa masafa ya mashine yake, na mzunguko wa kutuma na wa kupokea huwekwa ili isisikilizane pasipo metali. Ukichomeka kwenye mashine nyingine mizani hiyo haipo, ndiyo maana inalia hewani. Hakuna kitufe cha kuirekebisha. Irudishe, ununue iliyotajwa kwa jina la mashine yako.

Mtambwe Mkuu usiende. Ni hapo wachimbuzi wa mambo ya kale walipotoa sarafu za fedha zaidi ya 2,000 mwaka 1984, na ni eneo la kale: kuchimba bila kibali cha idara ya mambo ya kale hakuruhusiwi.