Kupandisha Dempster Highway na kempa mpaka Tuktoyaktuk: jibu kwa mleta mada

Mkuu, umeuliza kama inawezekana kukodi kempa (gari lenye vitanda na jiko ndani) pale Whitehorse, Yukon, kaskazini-magharibi mwa Canada, mwezi wa nane, umpakie shemeji na watoto, mpandishe Dempster Highway, ile barabara ya changarawe ya kaskazini, mpaka kijiji cha Tuktoyaktuk (Tuk) mkaione Bahari ya Aktiki. Wadau hapo juu wamekutisha na dubu na baridi. Mimi njia hiyo nimeipita na kempa, na nakwambia dubu siyo tatizo lako. Tatizo lako ni matairi na mkataba wa gari.

Anza na mkataba. Kampuni nyingi za kukodisha haziruhusu kempa zao kukanyaga Dempster, na wanaiandika kabisa kwenye yale maandishi madogo. Ukiingia kinyemela bima inakuruka, na gharama ya kuvutwa kutoka katikati ya pori mpaka Dawson City, mji ulio karibu na njia inapoanzia, utalala na viatu. Tafuta anayeruhusu, akuandikie.

Njia inachepuka Klondike Highway kama kilomita 40 kutoka Dawson, inakwenda karibu kilomita 740 mpaka mji wa Inuvik. Tangu mwishoni mwa 2017 kuna nyingine ya kilomita 140 hivi kutoka Inuvik hadi Tuk. Karibu yote ni changarawe, na usidhani Canada wamekosa hela ya lami. Chini kuna ardhi iliyoganda miaka nenda miaka rudi; ikiyeyuka, barabara inadidimia. Kwa hiyo wameijenga juu ya tuta la kokoto, kuna mahali linapita mita mbili, ili joto lisifike chini. Ubaya wake ni kwamba kingo ni laini na pembeni kuna mteremko. Ukipishana na lori, punguza mwendo ila usijibanze sana ukingoni.

Mafuta jaza Dawson mpaka juu, maana sheli ya uhakika inayofuata ni Eagle Plains, kilomita 369 ndani ya Dempster. Eneo hilo mawe yake yanapasuka vipande bapa vyenye makali ya wembe. Mimi kimoja kilinichana tairi la nyuma ubavuni, siyo kwenye kashata, kwa hiyo habari ya kuziba pancha ikaishia hapo. Beba spea mbili kamili, siyo zile nyembamba za kubahatisha. Jeki iwe ya kubeba kempa ikiwa imejaa maji na vyombo, na uwe na kipande cha ubao mnene cha kuweka chini yake. Bila ubao, jeki inazama kwenye changarawe na gari halinyanyuki ng'o.

Mvua ikinyesha ni habari nyingine. Barabara wanaimwagia kloridi ya kalsiamu kutuliza vumbi, na ikichanganyika na tope inaganda kwenye taa za nyuma mpaka anayekufuata hakuoni. Kila ukisimama, futa taa.

Mito mikubwa ni miwili, Peel na Mackenzie, yote unavuka kwa pantoni, bure. Hakuna gati, buldoza linasukuma kokoto ukingoni, na maji yakipanda au yakishuka wanasukuma upya. Kempa yenye mkia mrefu hukwaruza nyuma wakati wa kupanda, kwa hiyo ingia taratibu na sikiliza wanavyokuelekeza. Mto ukichafuka pantoni inasimama, nanyi mnasubiri. Ratiba yako iachie nafasi, na chakula kizidi.

Umesema mnaswali. Inuvik kuna msikiti. Ulijengwa Winnipeg, ukasafirishwa zaidi ya kilomita 4,000 kwa lori kisha kwa tishari, ukafika 2010. Pitieni.

Kama una uhuru wa kuchagua, nendeni mwishoni mwa Agosti: mbu wamepungua sana na vichaka vya tundra (uwanda wa baridi usio na miti) vimegeuka vyekundu, hasa kwenye hifadhi ya Tombstone. Theluji ya kushtukiza inaweza kuanguka, kwa hiyo nguo nzito za watoto zisikae chini ya mizigo. Simu ya kawaida huko porini haina mtandao, ni ya kuangalia saa tu. Kodisha simu ya satelaiti.

Ukishapata gari weka hapa picha ya matairi na ya sehemu ya nyuma, nikwambie kama itapanda pantoni bila kugusa.